Endelea Kupiga, Usizipoteze: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Picha Anayeanza

Fungua simu yako utafute picha ya mama yako akiwa jikoni, au ya baba yako akiwa kazini. Sitaki ya Idi wala ya Krismasi, wala ya harusi ambako ukoo mzima umesimama kama askari wa gwaride. Nataka ya siku ya kawaida, Jumanne tu. Wengi wenye picha elfu tano kwenye simu hawana hata moja ya namna hiyo. Na wengi wanaojifunza kupiga picha hawajaifikiria, kwa sababu wanasubiri siku ya kwenda Serengeti au ya kununua kamera kubwa.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeanza kwa kishindo, akapiga mwezi au miwili, halafu hamu ikapoa. Nionavyo mimi, hamu hupoa kwa sababu picha haziendi popote. Zinapigwa, zinabaki kwenye simu, simu inaibiwa dalaladani au inatumbukia kwenye ndoo ya maji, basi. Lakini picha ikichapwa ikamfikia mwenyewe, akaitundika ukutani, mtu huyo atakuita tena wiki ijayo, na jirani yake naye atakuita. Ndiyo maana hapa kupiga na kutunza vinakwenda kama kazi moja.

Hatua ya 1: Anza na ulichonacho

Simu inatosha. Ifute kioo cha lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kila unapotaka kupiga, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu wanadhani ni ubovu wa simu. Zumu ya kwenye kioo iache: kwenye simu nyingi kazi yake ni kukata picha na kuikuza. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, msogelee.

Ukipata hela ya kamera iliyotumika, Canon au Nikon ya daraja la chini yenye umri wa miaka kumi bado itakufaa sana, na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (f ni upana wa tundu la lenzi, tutaifikia Hatua ya 5) ni ya bei nafuu na inapiga nyuso vizuri hata ndani ya nyumba. Kabla ya kulipa, itoe lenzi, umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zilizotambaa kwenye kioo, hiyo ni kuvu, mwachie muuzaji lenzi yake. Kisha piga picha ya anga tupu kwa f/16 na uikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Vumbi linasafishika, kuvu ni shughuli nyingine.

Sisi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar tuna tatizo la unyevu. Kamera ikifungiwa miezi kadhaa ndani ya begi lake la kitambaa, kuvu itaota tu. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka humo pakiti za silika zinazonyonya unyevu (zile ndogo zinazokuja ndani ya viatu vipya ni chache mno, tafuta kubwa), na kila wiki itoe kamera uitumie. Kamera inayotumika haioti kuvu kirahisi.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja lililo karibu

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea. Wanatoka asubuhi "kupiga picha", bila kujua picha ya nini. Wakirudi wana ua, paka, machweo na mlango wa Kizanzibari. Kesho yake hawana pa kwenda.

Chukua jambo moja unaloweza kulifikia kwa miguu na ukae nalo miezi mitatu. Fundi cherehani wa mtaani kwenu. Bibi yako anavyokuna nazi kwenye mbuzi. Vijana wa karakana ya pikipiki. Wavuvi wanaorudi na ngalawa alfajiri. Timu ya chandimu ya mtaa. Wiki ya kwanza utapiga kile ambacho kila mtu angepiga. Wiki ya tatu utachoka, utaona hakuna kipya. Usiache hapo, kwa sababu baada ya uchovu huo ndipo watu wanapozoea kamera yako, wanaacha kupozi, na wewe unaanza kuona vitu vidogo: jinsi fundi anavyoshika pini mdomoni, kiti alichokaa kilivyofungwa waya.

Usijilinganishe na picha za mtandaoni. Unazoziona pale ni teuzi za mtu aliyetupa mia kadhaa.

Hatua ya 3: Omba ruhusa, na omba vizuri

"Shikamoo mzee, naomba nikupige picha ukiwa kazini. Nitakuletea yako." Maneno hayo yanafungua milango mingi kuliko lenzi yoyote, ila sehemu ya pili ni ahadi, na ahadi ni deni. Mtu akikataa, mshukuru uendelee na njia yako. Kwenye msiba zungumza kwanza na wenye msiba. Ndani ya msikiti au kanisa, uliza wahusika. Kina mama wengine wanakubali kupigwa lakini hawataki kuwekwa mtandaoni, na hayo ni maombi mawili tofauti. Yaulize yote mawili.

Picha za watoto zinahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Kwenye sheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kambi za jeshi, ikulu, vituo vya polisi na maeneo ya bandari yapite tu na kamera ikiwa begini.

Hatua ya 4: Ujue mwanga wa kwetu

Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako wakati wa kiangazi jua huzama polepole na mwanga wa dhahabu hukaa sana. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Likichomoza saa kumi na mbili na kitu asubuhi, kufika saa mbili mwanga laini umekwisha. Jioni ni hivyo hivyo: una kuanzia kama saa kumi na moja na robo, na ikifika saa moja kasoro ni giza. Kwa hiyo fika mahali mapema, uwe umeshachagua pa kusimama kabla mwanga haujaja.

Saa sita mchana jua la utosini hutia kivuli machoni, mtu anaonekana hana macho. Usimpige hapo. Mwingize barazani au mkalishe mlangoni, hatua moja tu ndani ya nyumba, uso ukielekea nje, nawe usimame nje bila kuziba mwanga. Mchanga au ukuta mweupe wa mbele yake utamrudishia mwanga usoni kutoka chini na pembeni. Nyumba ya udongo yenye mlango mmoja na isiyo na dirisha inatoa picha za uso ambazo studio ya taa tatu itazionea wivu. Kivuli cha mwembe nacho kizuri, ila angalia vile vijidoa vya jua vinavyopenya kwenye majani vikaangukia pua.

Kuna suala la ngozi zetu, na hili lazima nilikalie kidogo. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mpige mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wa mzee utageuka kivuli. Mpige mwanamke aliyevaa buibui jeusi lililojaza fremu, kamera itaona giza, itaongeza mwanga, na uso utaungua. Dawa kwenye simu ni kugusa uso kwenye kioo, kisha kuvuta kile kialama cha jua juu au chini. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya +/-: ongeza hadi +1 kwa kanzu, punguza hadi -1 kwa buibui, kisha tazama uso. Uso ukiwa sawa, kanzu ikiwa nyeupe kupita kiasi si tatizo kubwa. Na achana na vichujio vinavyong'arisha ngozi. Wajukuu watataka kujua bibi alikuwa na rangi gani.

Hatua ya 5: Namba tatu za kamera

Wenye simu wanaweza kuruka. Tundu la lenzi (f) likiwa pana, yaani namba ndogo kama f/1.8, mwanga unaingia mwingi na nyuma panafifia. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, inayofaa mtu aliyetulia ni 1/125 ya sekunde, na kwa watoto wanaokimbia nenda 1/500 au zaidi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100 juani, 1600 ndani ya nyumba jioni. Kwenye jua kali kuna kanuni ya tangu enzi za filamu: f/16, na kasi ya shata iwe moja gawanya kwa namba ya ISO, kwa mfano ISO 100 na 1/100 au 1/125. Anza na mfumo wa A (kwenye Canon ni Av), wewe uchague tundu, kamera ichague kasi. Wanaokwambia mpiga picha halisi hutumia M peke yake, yaani kupanga kila kitu kwa mkono, wanataka kukutisha.

Hatua ya 6: Mahali, mtu, mikono

Kila unapokwenda, usirudi bila picha tatu: moja ya mahali pote, moja ya mtu, moja ya mikono ikifanya kazi. Ukishazipata hizo, cheza utakavyo. Kanuni hii ndogo inakuokoa siku ambayo huna wazo lolote kichwani, na siku hizo zitakuwa nyingi.

Halafu usipende sana kusafisha mandhari. Najua mafundi wanasema ondoa kila kinachovuruga jicho. Kwa tangazo la sabuni, sawa. Kwa kumbukumbu, liache dumu la maji, iache kalenda ya ukutani, ubao wa bei ya unga, televisheni yenye kitambaa cha kufuma juu yake. Zitazame picha za miaka ya sabini za kwenu: uso wa babu unauona mara moja, kisha macho yanahamia kwenye redio, kwenye viatu, kwenye bango la duka la nyuma.

Hatua ya 7: Chagua na uandike majina siku hiyo hiyo

Usifute picha ukiwa bado kazini, kwenye kioo kidogo juani hutaona vizuri. Usiku, nyumbani, pitia zote. Kati ya 50 chagua 5. Mbovu kabisa futa, zilizobaki ziache.

Kisha andika majina. Picha isiyo na majina hufa kabla ya karatasi yake. Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji la Uganda, UBC, zilipatikana negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Kwa sababu ya maandishi hayo watafiti waliweza kujua wanaangalia nini, na mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zikaonyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Karani fulani alikaa na kuandika kila bahasha, na faida yake ilionekana baada ya miaka arobaini.

Wewe fanya hivi: tengeneza folda ukianza na mwaka, mwezi, siku, mahali, jambo: 2025-08-03_Pangani_wavuvi. Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano. Ndani ya folda weka faili fupi la maandishi lenye majina, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na uhusiano: "shangazi wa upande wa mama" linasaidia kuliko "shangazi". Ukiona uvivu kuandika, rekodi sauti yako ukizitaja. Hakikisha pia saa na tarehe ya kamera ni sahihi, kwa kuwa betri ikikaa imekufa muda mrefu kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani na kila picha itadai imepigwa mwaka mwingine.

Hatua ya 8: Nakala tatu

Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa maisha ya huku naitafsiri hivi: moja kwenye simu au kompyuta, ya pili kwenye hadi diski (hard disk) ya nje, ya tatu mtandaoni au kwenye diski nyingine iliyo kwa dada yako mji mwingine. Ukienda kumtembelea, mnabadilishana.

WhatsApp isihesabike kama nakala. Hubana picha, ubora ukapungua, na hufuta tarehe na taarifa za kamera zilizokuwa ndani ya faili. Ukilazimika kutuma picha nzima kwa njia hiyo, itume kama hati.

Google Photos ilisitisha nafasi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Sasa una GB 15 za bure, na humo humo ndimo barua pepe zako zinamokaa. Picha ya simu ikiwa na MB 3 hadi 5, hizo ni picha 3,000 hadi 5,000 tu. Weka zile teuzi zako, si kila kitu, na kwenye mipangilio chagua zipande kwa Wi-Fi pekee, la sivyo bando litakwisha kabla ya chakula cha mchana. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na Google, kwa hiyo ingia mara kwa mara.

Flashi ya USB ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Hadi diski nayo usiiamini zaidi ya miaka mitano hivi, nunua nyingine uhamishe. Memori kadi za bei ya kutupa mara nyingi ni bandia: imeandikwa GB 128, ndani ina 8, na ikijaa huanza kuandika juu ya picha za zamani bila kukwambia. Kadi mpya ipime kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux kabla ya kuipeleka kwenye harusi ya mtu.

Ukifuta picha kwa bahati mbaya, acha kupiga hapo hapo, itoe kadi. Kufuta huondoa anwani tu, picha yenyewe hukaa mpaka nyingine iandikwe juu yake. PhotoRec, ya bure pia, mara nyingi huirudisha. Kwenye simu angalia kwanza pipa la taka, picha hukaa humo siku 30 au zaidi.

Hatua ya 9: Chapa, upeleke

Kila mwezi chapa picha kumi. Si mia, kumi. Kwa saizi ya sentimita 10 kwa 15 unahitaji pikseli 1200 kwa 1800, na simu yoyote ya leo inazo. Nenda studio yenye mashine ya kusafisha picha kwenye karatasi halisi ya picha. Zile za printa ya wino wa kawaida, kwa joto na unyevu wetu, hupauka haraka. Kila picha toa mbili, moja yako, moja ya aliyepigwa. Ipeleke mwenyewe, mkononi. Utakaribishwa chai, utaonyeshwa albamu ya zamani, na utaambiwa nani anaoa mwezi ujao. Hapo umeshapata kazi ya kupiga.

Tafadhali usilaminishe. Najua kila stesheneri ina ile mashine, na picha inatoka inang'aa. Lakini joto na gundi hushikana na picha moja kwa moja, haitatoka tena, na unyevu ukipenya ukingoni hunasa ndani. Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika nazo si rafiki: gundi hugeuka njano na kuila picha. Tumia albamu ya mifuko, au bahasha za karatasi ndani ya bati la biskuti, mahali pakavu, juu ya kabati na mbali na ukuta wenye mchwa. Nyuma ya picha tumia penseli laini, taratibu, kwa sababu kalamu ya wino hukandamiza na wino hupenya. Ya ukutani itundike pasipofikiwa na jua la dirishani, na iwe nakala. Ya asili ibaki batini.

Hatua ya 10: Ziokoe za wazee

Nyumbani kwenu kuna sanduku au bahasha ya kaki yenye picha za studio, baba akiwa na suruali ya bugaluu mbele ya pazia lililochorwa bustani. Ukipata skana, tumia dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Huna? Ziweke moja moja juu ya meza karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, zima flashi, simama juu yake simu ikiwa sambamba na meza, hakikisha hakuna mng'ao. Programu ya PhotoScan ya Google hupunguza mng'ao kwa kuunganisha picha kadhaa. Iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue kwa nguvu, ipige ikiwa ndani ya kioo chake.

Kazi kubwa ni kuuliza. Kaa na mzee mmoja, picha kumi kwa siku, rekodi ya sauti ikiwa imewashwa. Usiulize "hii ni ya lini?" kwa sababu miaka husahaulika. Uliza alikuwa ameshaolewa au bado, nani aliipiga, nguo hiyo ilishonwa wapi, walitoka wapi kuja studio. Mwaka utajitokeza wenyewe.

Hatua ya 11: Andika nani atazichukua

Priya Ramrakha wa Nairobi alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupigia picha majarida makubwa ya Marekani. Aliuawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuja kupatikana miongo kadhaa baadaye, imehifadhiwa kwenye gereji Nairobi. Zako hazitakuwa na bahati ya gereji. Zitakuwa nyuma ya nywila.

Kwenye mipangilio ya akaunti ya Google kuna mahali pa kutaja mtu atakayepewa data zako ukikaa kimya kwa muda unaouchagua mwenyewe, kuanzia miezi 3 hadi 18. Ijaze leo, inachukua dakika chache. Hadi diski ibandike karatasi yenye jina lako na neno PICHA kwa herufi kubwa, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani inakaa wapi na inafunguliwaje.